Lancaster ya Babu kwa Skeli ya 1:72

Boksi la modeli ya Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa skeli ya 1:72 likifunguliwa, vipande vyake vinajaa meza nzima ya chakula. Ndege yenyewe, iliyokuwa na mita 31 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, hapo inakuwa ya sentimita 43. Anayeiunganisha kwa kujifurahisha hufuata karatasi ya maelekezo, akapaka rangi, akabandika stika, kazi ikaisha. Mambo hubadilika pale ambapo babu yake, au mjomba wa mama yake, aliwahi kupanda ndege ya aina hiyo akaenda nayo Ujerumani usiku. Lancaster zilitengenezwa 7,377. Yeye anaitaka moja tu kati ya hizo.

Hii skeli ya 1:72 nayo ina historia ya vita. Imetokana na hesabu ya Waingereza ya inchi moja kusimama badala ya futi sita, na modeli za mbao za kipimo hicho zilikuwa zikiuzwa Uingereza tangu miaka ya 1930. Vita ilipopamba moto, modeli hizo zikawa vifaa vya kufundishia: mpiga mizinga alitakiwa aitambue ndege kwa umbo lake tu, kabla hajaamua kuifyatulia au kuiacha. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge modeli nusu milioni za mbao, zipakwe rangi nyeusi na kupelekwa kambini. Watoto wakachonga, tena kwa vipimo vilivyokaguliwa.

Plastiki ilishika kasi baada ya vita. Kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungaria, ilianza kwa vitu vya mpira vya kujazwa upepo, kisha ikahamia kwenye vitana. Modeli ya Spitfire ikaja mwaka 1953, na Lancaster ikafuata mwaka 1958. Kwa hiyo askari wengi waliorudi salama waliwaona watoto wao wakigundisha mezani ndege ileile ambayo wao wenyewe hawakupenda kuizungumzia. Wajukuu ndio walioanza kuuliza ilikuwa ipi.

Kujua ni ndege ipi ni kazi ya karatasi kabla ya kuwa kazi ya gundi. Kila aliyeruka alikuwa na daftari lake la safari: tarehe, herufi ya ndege, jina la rubani, kazi aliyoifanya, saa alizokaa angani. Safari za mashambulizi ya usiku ziliandikwa kwa wino mwekundu, kwa hiyo ukurasa wa mwaka 1943 unaonekana kwa mbali. Daftari likiwa limepotea, kuna vitabu vya kumbukumbu vya vikosi, vilivyohifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London. Humo kila usiku umeandikwa: nani alipaa na nani, saa ngapi, kwa ndege namba ngapi, na kama walirudi.

Mtego uko kwenye herufi. Ubavuni mwa Lancaster palikuwa na herufi mbili za kikosi, ile nembo ya miduara, kisha herufi moja ya ndege yenyewe. Ndege ikidunguliwa, ndege mpya iliyoletwa mara nyingi ilirithi herufi hiyohiyo. Babu anaweza kuwa alisimulia maisha yake yote habari za "S" yao, kumbe katika kikosi hicho zilipita "S" tatu au nne. Namba ya usajili iliyoandikwa karibu na mkia ndiyo isiyorithiwa, na ndiyo ya kutafutwa. Wengi hukimbilia stika zilizomo ndani ya boksi, ambazo kwa kawaida ni za ndege maarufu kama R5868, iliyoorodheshewa safari 137 na ambayo sasa iko katika makumbusho ya Jeshi la Anga huko London, au W4783 iliyofanya safari 90 na iko Canberra, Australia. Ndege hizo zilisifika kwa sababu zilirudi. Ya babu huenda haikurudi.

Chukua mfano wa W4827 ya Kikosi cha 103, kilichokuwa na kambi Elsham Wolds, Lincolnshire. Aliyekuwa akiitafutia njia angani ni Cy Grant, kijana mweusi kutoka Guyana, wakati huo koloni la Uingereza. Alijiunga na jeshi la anga mwaka 1941, akaanza mafunzo ya urubani, kisha akahamishiwa kwenye kazi ya ramani. Usiku wa kuamkia 26 Juni 1943, ikiwa ni safari yake ya tatu ya mashambulizi, walikuwa wakirudi kutoka Gelsenkirchen walipodunguliwa juu ya Uholanzi. Ndege iliangukia karibu na kijiji cha Nieuw-Vennep. Wawili kati ya saba walikufa. Grant alishuka kwa parachuti, akakamatwa, na akakaa kifungoni hadi vita ilipokaribia mwisho. Wajerumani walimpiga picha wakaichapisha gazetini, wakaeleza chini yake kwamba huyu ni askari wa anga wa asili isiyotambulika. Miaka zaidi ya sitini baadaye aliyageuza maelezo hayo kuwa jina la kitabu chake. Kati ya hapo alisomea sheria, akawa mwigizaji na mwimbaji, na tangu mwaka 1957 Waingereza walimzoea kwenye televisheni zao.

Ndege hiyo isingejulikana hivi bila Joost Klootwijk, Mdachi aliyekuwa mvulana mdogo kijijini hapo ilipoanguka. Aliichunguza miaka mingi, akaiandikia kitabu kizima. Ndege moja, kitabu kizima: anayeunganisha modeli ya ndege ya ndugu yake anaielewa hamu hiyo bila kuelezwa.

Sasa keti uunganishe. Nusu mbili za kiwiliwili bado ziko wazi mezani, na meza ya ramani ya Grant inakaa upande wa kushoto, nyuma ya rubani. Alikaa ubavu, uso ukiukabili ukuta, nyuma ya pazia la kuzuia mwanga wa taa yake usionekane nje. Mji aliokuja kuupiga angeweza asiuone kabisa. Sanamu ya mtu aliyekaa haifiki hata sentimita mbili, na uso wake ni wa milimita tatu. Karatasi za maelekezo zina rangi moja ya ngozi kwa wahudumu wote, ya waridi. Kwa W4827 inabidi uchanganye kahawia yako mwenyewe, uipake kwa ncha ya brashi ya nywele chache. Kisha unabana nusu mbili kwa gundi, naye haonekani tena. Wapo wanaosema kupaka kisichoonekana ni kupoteza muda. Mimi nasema hiyo ndiyo sehemu pekee ya modeli isiyofanywa kwa ajili ya wageni wa sebuleni.

Chini ya pua, sakafuni pale alipolala mlenga mabomu, kuna mlango wa dharura. Katika modeli nyingi ni mstari tu uliochorwa kwenye plastiki, na mkono hupita juu yake bila kusimama. Mlango huo ulikuwa na upana wa inchi 22, yaani sentimita 56, na ndio ambao watu wa mbele walifundishwa kuutokea. Mtu aliyevaa mavazi mazito ya baridi na parachuti kifuani alitakiwa apenye hapo gizani, ndege ikiwaka moto na kuzunguka. Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya Waingereza, ilikuwa na mlango wa inchi 24.

Freeman Dyson, aliyekuja kuwa mwanafizikia mashuhuri Marekani, alikuwa kijana wa miaka 19 alipoajiriwa mwaka 1943 kuwafanyia hesabu makamanda wa ndege za mabomu. Yeye na wenzake waligundua kuwa katika Halifax zilizodunguliwa, robo ya waliokuwamo walitoka hai. Katika Lancaster walitoka asilimia 15. Lancaster ilisifiwa kuliko zote, ilibeba mzigo mkubwa na kudunguliwa kwa nadra kuliko Halifax, lakini ikishapigwa ilikuwa mtego. Mwenzake Dyson alihangaika miaka miwili kuomba mlango upanuliwe. Idhini ilipopatikana na kazi kuanza, vita ilikuwa ikimalizika. Kwa skeli ya 1:72, tofauti ya milango hiyo miwili ni milimita 0.7, unene wa kucha. Katika vikosi vya mabomu vya Uingereza waliruka watu wapatao 125,000, na waliokufa ni 55,573.

Mpiga bunduki wa mkiani hakuutegemea mlango huo wa chini ya pua. Kibanda chake kilikuwa finyu kiasi kwamba parachuti lake lilitundikwa nje yake, ndani ya kiwiliwili. Ili ajiokoe ilimpasa afungue vilango mgongoni, alivute, alivae, ndipo ajirushe.

Kwa rangi sina maneno mengi: nyeusi ya masizi chini na ubavuni, kijani kibichi na udongo juu, herufi nyekundu iliyofifia, na moshi wa kijivu uliotapakaa juu ya mabawa nyuma ya injini zote nne. Usibandike kibuyu cha rada chini ya tumbo kwa kuwa kimo kwenye boksi. Ndege nyingi za katikati ya 1943 hazikuwa nacho.

Ila milango ya mabomu inataka uamuzi. Uwazi wa mabomu wa Lancaster ulikuwa na urefu wa mita 10, kwenye modeli ni sentimita 14, karibu nusu ya ndege nzima. Ikifungwa, ndege ni nzuri kama samaki. Ikiachwa wazi, linaonekana bomu moja kubwa la ratili 4,000, la kubomoa mapaa na kuta, na pembeni yake makasha ya mabomu madogo ya moto, ya kuchoma kilichobomolewa. Kwa mzigo wa aina hiyo, mwezi mmoja baada ya Grant kudunguliwa, Hamburg iliungua na watu zaidi ya 30,000 wakafa. Familia nyingi hupenda milango ifungwe. Mimi ningeiacha wazi, kwa sababu kazi ya babu ilikuwa kuyafikisha hayo pale yalipotakiwa, na aliyemwonea babu fahari asiuonee haya mzigo wake.

Kwetu pia kuna ndege za kutafutwa hivi. Mwaka 1943 Kikosi cha 259 kiliundwa Kipevu, Mombasa, kikahamia Dar es Salaam mwaka huohuo, kikitumia Catalina, ndege za kutua majini zilizobeba mabomu ya kuwindia nyambizi. Tarehe 20 Agosti 1943 Catalina zake, pamoja na za Kikosi cha 265, ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska. Kwa skeli ya 1:72 Catalina ina bawa la sentimita 44, na modeli zake zipo madukani. Kumbukumbu za vikosi vya Uingereza vya wakati huo ziko Kew, kwa mtindo uleule wa tarehe, majina na namba. Mwenye ndugu aliyeruka na kikosi hicho aanze na kitabu chake cha kumbukumbu, apate namba ya usajili, ndipo anunue boksi.