Njia Panda ya Bagamoyo

Mwaka 1890 mkongo wa baharini uliunganisha Zanzibar, Bagamoyo na Dar es Salaam, kisha waya wa nchi kavu ukapanda pwani kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga. Bagamoyo, basi, haikuchelewa kupata waya. Kilichoiponyoka ni nafasi ya kugawa njia, na hicho ndicho kilichoamua historia ya mawasiliano ya pwani hii kuliko urefu wa waya wowote. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam. Ujenzi wa reli ya kati ukaanzia huko mwaka 1905, na Bagamoyo ikawa mji wa kupitiwa tu.

Wapo wasemao sababu ni kina cha maji: stima zilitia nanga mbali na ufuko wa Bagamoyo. Kwa meli, ni kweli. Lakini mkongo hauhitaji ghuba yenye kina, na ufuko uleule ndio uliohudumia misafara mikubwa ya karne ya 19. Uliimudu kwa sababu mgawanyo haukufanyika mahali pamoja. Mizigo ya vitambaa na shanga, kila mmoja yapata frasila mbili, ilibebwa na wapagazi hadi Tabora. Pale njia ziliachana, moja ikienda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, nyingine ikishuka Katanga. Mfumo huohuo uliwateremsha watumwa pwani, kwa hiyo ninachokitaja hapa ni muundo wake, wala siusifu.

Wahandisi wa simu walikutana na tatizo hilohilo la kugawa njia katika hesabu. Swichi moja inayokutanisha kila njia iingiayo na kila itokayo hudai makutano kwa mraba: njia 16 zinataka makutano 256, na njia 32 zinataka 1,024. Mwaka 1953 Charles Clos wa Bell Labs alionyesha kwamba swichi ndogo zilizopangwa kwa hatua tatu hufanya kazi ileile bila kuzibiana, na mtandao ukishakuwa mkubwa, makutano yanayohitajika huwa machache zaidi.

Kugawa njia kunadai pia kujua ujumbe unakwenda wapi. Karani wa mkongo wa zamani alisoma alama za wino kwenye utepe wa karatasi, akaziandika, kisha ujumbe ukatumwa upya kwenye waya unaofuata. Mitambo ya leo bado inafanya hivyo kwa kasi kubwa: nuru hugeuzwa umeme, anwani ikasomwa, umeme ukarudishwa kuwa nuru. Swichi ya nuru huiruka kazi hiyo. Vioo vidogo mno huinama na kuielekeza nuru kwenye uzi mwingine. Kasoro yake ni kwamba haisomi anwani, hivyo inafaa kuhamisha mkondo mzima na siyo kuchambua ujumbe mmoja mmoja.

Turudi pwani: mkongo wa baharini wa Seacom ulipofika mwaka 2009 na wa EASSy mwaka 2010, yote miwili ilitua Dar es Salaam. Mei 2024 ilikatika kwa pamoja, na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya. Mtu anaweza kudai kuwa hapo waya ndio uliokosekana. Hata hivyo, kama mkongo mwingine ungetua Dar es Salaam kwenye kituo kimoja na mingine, hitilafu ya kituo hicho ingeizima yote. Kutua kwingine kaskazini, Bagamoyo au Tanga, kukiwa na swichi yake, kungeigawa hatari hiyo.