Ardhi Tupu

Miaka michache iliyopita mhariri wangu alinituma kwenye hafla ya kutangaza mradi wa utalii katika kijiji kimoja cha pwani. Kulikuwa na turubai, maji ya chupa, spika kubwa na kijitabu cha rangi kwa kila mwandishi. Ukurasa wa tatu ulikuwa na picha iliyopigwa kutoka juu, na chini yake sentensi moja: ardhi tupu inayofaa sana kwa kiwanja cha gofu cha mashimo 18. Niliandika habari yangu ya maneno 400, ikatoka kwenye ukurasa wa biashara, na "ardhi tupu" ikiwemo. Niliyanakili maneno yale kama yalivyo. Kuhusu gofu sikuuliza swali hata moja, maana sikujua lolote.

Nimekaa na hiyo sentensi muda mrefu kuliko habari nyingi nilizowahi kuandika. Inayofaa kwa nini hasa? Na nani aliamua? Ikabidi nisome. Na ukianza kusoma historia ya gofu, hata kama mchezo wenyewe haukuhusu, unajikuta unasoma historia ya ardhi.

Hebu tuanzie Uskoti, kwenye mji mdogo wa St Andrews, ukingoni mwa bahari upande wa mashariki. Kati ya mashamba na maji kuna ukanda wa mchanga ambao Waskoti wanauita linksi. Baada ya enzi ya barafu bahari ilirudi nyuma, upepo ukapeperusha mchanga na kuujenga matuta, na matuta yakashikwa na majani magumu ya pwani. Ardhi ya namna hii haikai maji. Mvua inanyesha asubuhi, mchana unatembea na viatu vyako vikavu. Lakini kwa mkulima ni hasara tupu: mchanga hauna rutuba, upepo una chumvi, ukilima leo kesho udongo umepeperuka.

Kwa hiyo watu waliiacha kwa kondoo na sungura. Kondoo walikula majani yakabaki mafupi na mazito kama zulia. Sungura walichimba. Na inasimuliwa kwamba yale mashimo ya mchanga yanayowatesa wachezaji hadi leo yalianza kama vibonde ambavyo kondoo walijibanza kukwepa upepo. Hakuna aliyechora ramani. Viwanja vya kwanza vya gofu havikujengwa. Watu walivikuta pale pale wanapolisha mifugo yao, wakaanza kupiga mpira.

Ukiwauliza wataalamu leo watakupa orodha. Ekari kama 150 kwa mashimo 18. Udongo wa kichanga unaopitisha maji, maana udongo wa mfinyanzi unageuka tope masika na kupasuka kiangazi. Miinuko na mabonde ya wastani, siyo tambarare kama meza wala siyo mlima. Upepo kidogo. Chanzo cha maji. Orodha nzuri, lakini ukiichunguza utaona ni maelezo ya St Andrews. Dunia nzima imekuwa ikitafuta, na ikikosa inatengeneza, kipande cha pwani ya Uskoti.

Mtu aliyeelewa siri ya mchanga kuliko wengine ni Tom Morris, aliyezaliwa St Andrews mwaka 1821 na kufa mwaka 1908. Alikuwa mtunzaji wa kiwanja pale kwa takriban miaka 40, na dawa yake kwa nyasi ilikuwa moja: mwaga mchanga juu yake. Hadi leo watunzaji wa viwanja wanafanya hivyo hivyo. Mwaka 1901 Willie Park, Mskoti mwingine, alifungua kiwanja cha Sunningdale nje ya London, kwenye eneo ambalo wakulima walikuwa wamelidharau kwa sababu lile lile: kichanga, vichaka, halizai. Ndipo ikaeleweka kwamba bahari siyo lazima. Kinachotakiwa ni udongo maskini.

Hapa ndipo ningeweza kuishia kama ingekuwa makala ya michezo. Lakini kuna upande wa pili wa St Andrews ambao kijitabu cha rangi hakiwezi kuutaja.

Mwaka 1457 Bunge la Mfalme James wa Pili wa Uskoti lilipiga marufuku gofu na kandanda, kwa sababu vijana waliacha mazoezi ya upinde na mishale wakati taifa lina uadui na Uingereza. Tafsiri yake ni kwamba watu wa kawaida walikuwa wanacheza. Hupigi marufuku mchezo usiochezwa. Kisha mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitoa hati. Alitaka kufuga sungura kwenye linksi, na ndani ya hati hiyo hiyo ikathibitishwa haki ya wenyeji kucheza gofu, kandanda, kulenga shabaha na michezo mingine pale pale. Yaani askofu alitaka kitu kwenye ardhi, na ilibidi akiri kwa maandishi kwamba watu walikuwepo kabla ya ombi lake.

Haki ile ilijaribiwa. Mwaka 1797 halmashauri ya mji, ikiwa imezama kwenye madeni, iliiachia ardhi, na muda si mrefu ikawa mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura. Sungura wakajaa, wakachimba kila mahali. Wenyeji wakawa wanawaua, wakaburuzana mahakamani, kesi ikafika hadi kwenye Baraza la Malordi kule London. Ulikuwa ugomvi wa zaidi ya miaka 20. Uliisha mwaka 1821 pale mwenye ardhi jirani, James Cheape, mpenzi wa gofu, alipoinunua. Mwaka 1894 mji wenyewe ukainunua tena, kwa sheria ya Bunge.

Matokeo yake unayaona leo. Kiwanja kikongwe cha St Andrews ni mali ya umma. Njia ya watu wote inakatiza katikati ya nyasi za shimo la kwanza na la mwisho, na mchezaji, awe bingwa wa dunia, anasubiri mama mwenye mbwa apite. Siku ya Jumapili, isipokuwa kwenye mashindano machache makubwa, hakuna gofu kabisa: watu wanatembea, watoto wanakimbia. Usidhani ni peponi. Mgeni analipa hela nyingi kucheza, na klabu maarufu iliyo pembeni ya kiwanja, iliyoanza mwaka 1754, ilikubali wanachama wanawake mwaka 2014. Klabu ilifunga mlango wake. Ardhi haikufungwa.

Sasa mchezo huu ulipopanda meli kuja kwetu, vitu viwili viliachwa bandarini: mchanga na haki.

Mchanga kwanza. Nairobi walianza kucheza mwaka 1906, kwenye klabu ambayo baadaye ikaitwa Royal. Katika viwanja vingi vya Afrika na India zile nyasi laini za kuzunguka shimo zilishindikana, kwa hiyo watu walimwaga mchanga uliochanganywa na mafuta, wakausawazisha, wakapiga mpira juu yake. Nyasi iliyokuja kuokoa gofu ya nchi za joto ilikuwa ipo chini ya miguu yao. Ni ukoka. Ukoka huu huu wa uani kwa bibi, ambao Wamarekani wanauita kwa jina la kisiwa cha Bermuda ingawa asili yake siyo huko. Kule Georgia wataalamu waliuchanganya na ndugu yake kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1960 wakatoa aina inayopandwa kwenye viwanja vya gofu duniani kote. Ukiona nyasi za kijani kwenye televisheni, mashindano ya sehemu za joto, jua kuna ukoka ndani yake.

Haki ndiyo hadithi nzito. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aligundua kwamba malaria inabebwa na mbu. Ugunduzi mkubwa, lakini watawala wa kikoloni waliusoma kwa miwani yao: kama mbu anachukua ugonjwa kwa Mwafrika na kumpelekea Mzungu, basi tuwatenganishe kwa umbali ambao mbu hawezi kuruka. Kule Nigeria, Lugard aliwaelekeza maofisa wake waache ukanda wa yadi 440 usio na makazi kati ya Wazungu na wenyeji. Mwaka 1913 daktari W. J. Simpson alipita Afrika Mashariki na kupendekeza miji igawanywe kwa rangi, kwa hoja hiyo hiyo ya afya.

Yadi 440 ni kama mita 400. Kwenye gofu huo ni urefu wa shimo moja la kawaida, refu kidogo.

Ukishaacha ukanda wazi unaufanyia nini? Hupangi nyumba, hulimi, na ukiuacha pori mbu wanarudi. Unahitaji kitu kinachokula eneo kubwa, kinachofyekwa kila wiki, kinachomwagiwa maji mengine na kutolewa mengine, na ambacho watu wachache sana wanaruhusiwa kukanyaga. Gofu ikafaa kama imetengenezwa kwa kazi hiyo. Kampala kiwanja kikalala kwenye bonde la Kitante, kati ya vilima vya Nakasero na Kololo walikoishi wakubwa. Bonde lenye maji, kinyume kabisa na mchanga wa St Andrews. Udongo haukuwa sababu kuu tena.

Mimi ni mtu wa Dar, kwa hiyo naielewa vizuri zaidi kwa ramani ya hapa. Maneno Uzunguni, Uhindini na Uswahilini bado yamo kwenye mazungumzo yetu, tunayatumia hata tukisahau kwamba yalikuwa mipango ya serikali. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 waliendeleza wazo ambalo Wajerumani walikuwa nalo tayari. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja wazi, ndiyo Mnazi Mmoja. Upande wa pili, kati ya Uhindini na nyumba za Wazungu zilizoelekea baharini, vikakaa viwanja vya Gymkhana na bustani ya mimea. Nimepita pale mara elfu kwenye daladala na bajaji nikidhani ni bahati tu kwamba katikati ya mji kuna nyasi nyingi hivyo. Kumbe nilikuwa nautazama mpaka.

Nairobi mpaka unaonekana vizuri zaidi kutoka angani. Mpiga picha Johnny Miller, aliyeanza mradi wake wa kupiga picha za ubaguzi wa ardhi kwa droni mwaka 2016 kule Afrika Kusini, alirusha droni juu ya kiwanja cha Royal Nairobi na Kibera. Upande mmoja kijani kitupu, upande mwingine mabati yaliyobanana. Kibera yenyewe ilikuwa msitu waliopewa askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, na vizazi vyao vilidai hati ya ardhi ile kwa miaka mingi. Picha haihitaji maelezo, lakini ina hatari moja: inakufanya uamini kwamba mambo yalitokea tu yenyewe, tajiri huku, maskini kule. Kila kipande cha ardhi kwenye ile picha kina karatasi yake, na kila karatasi ina aliyeitia saini.

Sisemi viwanja vivunjwe. Kuna siku naona heri gofu kuliko ghorofa. Kile kiwanja cha Gymkhana kingekuwa kimeshajaa saruji kama kisingekuwa na mabwana wa kukitetea. Na wapo wachezaji wetu wazuri walioanza kwa kubeba mabegi ya watu. Ninachosema ni kwamba swali la ardhi gani inafaa lina majibu mawili tangu zamani. Jibu la kwanza ni la udongo: mchanga, upepo, miinuko. Jibu la pili ni la watu: nani yupo pale sasa hivi, na je, haki yake imeandikwa popote? St Andrews ardhi ilifaa, na watu walikuwa na hati ya mwaka 1552. Kwetu mara nyingi ardhi ilifaa kwa sababu hati haikuwepo.

Kile kijitabu cha rangi bado ninacho. Juzi nilikifungua tena ukurasa wa tatu. Mchanga upo, bahari ipo, miinuko midogo ipo. Kwa kipimo cha Tom Morris ni mahali pazuri kabisa, sibishi. Lakini safari hii niliitazama picha kama mtu wa pwani na siyo kama mwandishi mwenye haraka. Kuna minazi. Imejipanga kwa mistari, nafasi kati ya mmoja na mwingine inalingana. Mnazi uliojipanga kwa mstari haukujiotea. Kuna mtu alichimba shimo, akaweka mche, akamwagilia, akasubiri miaka kadhaa ndipo akaangua dafu la kwanza. Huku kwetu mtu akitaka kuthibitisha shamba ni la babu yake hatoi karatasi, anakuonyesha mnazi na kukutajia aliyeupanda.

Kiwanja hakijajengwa mpaka leo. Wanakijiji waliambiwa wasipande mazao ya kudumu hadi tathmini ikamilike, na tathmini haijakamilika. Minazi inazeeka bila michikichi wala mikorosho mipya pembeni yake. Nilipiga simu kwa mzee mmoja wa pale ambaye namba yake niliichukua siku ile ya hafla nisiitumie. Nikamuuliza hiyo minazi ya kwenye picha ni ya nani.

Alinitajia majina kwa zaidi ya nusu saa. Safari hii niliandika yote.