Hoja ya Ukweli, Hoja ya Tukio

Mfungwa wa Tanzania aliyeshindwa Mahakama Kuu katika rufaa ya kwanza, akajiandaa kwenda Mahakama ya Rufani, huenda akaambiwa kwamba huko hazisikilizwi hoja za ukweli, ni za kisheria tu. Mtu aliyeapa miaka yote kwamba usiku ule hakuwepo, ataelewa nini? Kumbe mahakama ya juu kuliko zote haina haja na ukweli!

Lawama hapo si ya sheria, ni ya mfasiri. Neno la Kiingereza alilokutana nalo, "fact", halisemi juu ya kinyume cha uongo. Linataja jambo lililotukia, la kuthibitishwa kwa mashahidi na vielelezo: nani alikuwa wapi, alishika nini, alivaa nini. Wapo wanaoandika "mambo ya hakika". Hiyo ni afadhali, ila tukisema "hakika" tumekwisha kuamini, na hapa ndipo ubishi ulipo. Mimi nimechagua "hoja ya tukio".

Chukua kesi ya unyang'anyi. Shahidi anadai alimtambua mshtakiwa kwa mwanga wa chemli. Je, mwanga ulitosha? Hiyo ni hoja ya tukio. Hakimu alimwona shahidi akihojiwa, akaamua. Mahakama Kuu ikaupitia ushahidi upya. Majaji wa rufaa ya pili kwa kawaida hawaupimi mara ya tatu. Lakini tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, anayehukumu utambuzi wa namna hiyo sharti ajiulize: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje? Hukumu ikiyaruka maswali hayo, mrufani anayo hoja ya kisheria. Asiandike "taa ilikuwa hafifu". Aandike "mahakama haikuipima taa kama sheria inavyotaka". Chemli ni ile ile, sentensi ndiyo iliyogeuka, na mrufani asiye na wakili, anayeandika sababu zake za rufaa akiwa gerezani, mara nyingi huandika ile ya kwanza.

Hoja mpya, ambayo Mahakama Kuu haikuisikia, nayo hukataliwa, isipokuwa iwe ya kisheria. Na aliyekiri kosa, hata katika rufaa ya kwanza, kwa kawaida hubakiwa na adhabu tu ya kulalamikia, ukubwa wake au uhalali wake, labda aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na utata au kulitokana na kutoelewa.

Adhabu ndiyo inayoniumbua. Katika rufaa ya pili, anayesema miaka 30 ni mingi mno hasikilizwi. Anayesema kifungu alichotiwa nacho hatiani hakiruhusu miaka 30 anasikilizwa. Kenya, ambako Mahakama ya Rufani huitwa Mahakama ya Rufaa, kifungu cha 361 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinatamka wazi kwamba ukali wa adhabu uhesabiwe upande wa matukio, si upande wa sheria. Hapo istilahi yangu inachechemea. Unyang'anyi ulitukia usiku, chemli iliwaka au haikuwaka, lakini wingi wa miaka haukutukia popote: hakimu aliupanga mwenyewe, mchana, mezani pake.