Sauti za ndani ya programu: zipi zinahama na msanii, zipi zinabaki

Ku studio nyingi ndogo za Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira, wimbo hauanzi tena na gitaa wala ngoma. Unaanza na ordinateri moja, programu moja ya muziki, na vyombo vilivyokuja ndani yake: piano, besi, ngoma, filimbi, vinanda. Kijana anaweka FL Studio ku mashine yake asubuhi, magaribi iko na okestra nzima bila kununua hata waya moja ya gitaa.

Shida inaonekana siku ya kuhama. Msanii anabeba kazi yake ku kle USB, anaipeleka kwa enjenyere mwingine anayetumia Cubase ao Logic, na kule fishie inakataa kufunguka. Ao anaipeleka kwa mtu mwenye programu ile ile, fishie inafunguka, lakini nafasi ya besi iko kimya na kuko kidirisha kinachosema chombo hakipatikani. Wengi wanazani kle imeharibika ao virusi vimekula. Mara nyingi hakuna kilichoharibika.

Sababu ni hii: fishie ya kazi (.flp ya FL Studio, .als ya Ableton Live, .cpr ya Cubase, .rpp ya Reaper) kwa kawaida haibebi sauti za vyombo. Inabeba maagizo tu. Ni kama karatasi ya mpishi inayosema weka chumvi, weka mafuta ya mawese, lakini chumvi na mafuta vimebaki jikoni. Ile noti ya tatu ipigwe kwa nguvu gani, ikae muda gani, ipigwe na chombo gani: hayo yote yameandikwa. Chombo chenyewe kiko ndani ya ordinateri ya kwanza.

Sasa vyombo havifanani. Viko vile ambavyo ni kiungo cha programu yenyewe, haviwezi kutoka. Viko pia vinavyoitwa plagini, programu ndogo zinazoingia ndani ya programu kubwa yoyote inayojua lugha yao. Lugha iliyoenea kupita zote ni VST. Kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, iliileta mwaka wa 1996 pamoja na Cubase, na mu 1999 toleo la pili likaruhusu vyombo vya kupigwa, si mitambo ya kubadilisha sauti tu. Steinberg haikuifungia lugha hiyo nyumbani kwake. Iliacha watengenezaji wengine waitumie, na njo maana leo chombo kimoja cha VST kinaweza kulia mu Cubase, FL Studio, Live na Reaper.

Lakini Apple iko na lugha yake, Audio Units, inayofupishwa AU, na Logic inakubali hiyo peke yake. Pro Tools nayo inaomba AAX. Mtu mwenye plagini ya VST tu asitegemee kuiona mu Logic, hata ilipiwe feza ngapi.

Kwa FL Studio, ambayo vijana wengi wa hapa wanaanza nayo, hali ni ya mchanganyiko. Inatoka kwa Image-Line ya Ubelgiji, na zamani iliitwa FruityLoops. Vyombo kama FLEX na 3x Osc vinaishi ndani yake tu. Sytrus, chombo cha nyumba hiyo hiyo, iliuzwa pia kama VST. Kwa hiyo kujua jina la programu hakutoshi, inafaa kuangalia chombo kimoja kimoja.

Kuna mlango ambao wengi hawaujui. FL Studio yote inaweza kufunguliwa kama plagini ndani ya programu ingine. Inapowekwa ku ordinateri, inaweka pia toleo lake la VST. Mtu anafungua Reaper ao Cubase, anaita FL Studio kama vile anaita piano, na ndani yake anapata FLEX na vyombo vingine vyote. Kuko hata toleo lenye njia nyingi za kutokea, ili ngoma, besi na sauti zingine ziende kila moja ku mstari wake. Sharti ni moja: FL Studio iwe imewekwa ku mashine hiyo. Mlango huu unasaidia mtu mwenye programu mbili ku ordinateri moja. Kwa mtu anayetuma kazi toka Beni kwenda Kinshasa, hausaidii kama wa Kinshasa hana FL Studio.

Reason ya Stockholm, Swedeni, ilipita njia ndefu zaidi. Ilitoka mwaka wa 2000, na vyombo vyake vilijulikana sana, lakini kuvitumia pembeni ya programu ingine kuliomba daraja lililoitwa ReWire: programu mbili zinafunguliwa pamoja na kuunganishwa. Ku ordinateri dhaifu hiyo ilikuwa mateso. Mu 2019, Reason 11 ikaleta kabati lake lote kama plagini, na mwisho wa 2020 daraja la ReWire likaachwa. Steinberg nayo sasa inatoa HALion Sonic, chombo ambacho wenye Cubase walikuwa wanakizoea, bure kwa mtu yeyote, kwa VST, AU na AAX.

Safari inaweza pia kurudi nyuma. Alchemy ilikuwa sinte ya kampuni ya Uingereza, Camel Audio, na iliuzwa kwa watu wa Windows na wa Mac, ikiingia mu programu yoyote. Apple ilinunua kampuni hiyo, na mwaka wa 2015 Alchemy ikatokea ndani ya Logic. Tangu hapo, toleo jipya halipatikani nje ya programu za Apple. Mtu aliyekuwa amejenga nyimbo zake juu ya Alchemy ku Windows alibaki na toleo la zamani, siku mashine ikifa naye anaanza upya. Apple ilikuwa imefanya vile vile kwa Logic yenyewe: ilinunua Emagic mwaka wa 2002 na kuacha toleo la Windows. Kumbe chombo kinachohama leo si lazima kihame kesho.

Njia isiyoomba ruhusa ya mtu

Ndiyo maana maenjenyere wenye uzoefu hawategemei chombo kihame. Wanahamisha sauti yenyewe. Kila mstari wa wimbo unageuzwa kuwa WAV: ngoma peke yake, besi peke yake, piano peke yake. WAV inafunguka kila mahali, leo na miaka mingi ijayo, bila kuuliza plagini gani. Mu FL Studio, wakati wa kutoa WAV, kuko sehemu ya kugawa mistari ya miksa, na programu inatoa fishie moja kwa kila mstari. Mu Live, mstari unagandishwa kwanza, kiisha unabadilishwa kuwa sauti. Mu Logic, mstari unageuzwa papo hapo pale ulipo.

Mambo machache yanaharibu kazi hiyo. La kwanza ni kuanza katikati: kama besi inaingia ku sekunde ya 20, fishie yake bado inapaswa kuanza ku sifuri, na kimya chake chote, ili yule atakayepokea apange mistari yote ku ukuta mmoja na ikubaliane. La pili ni kukata mwisho kabla mwangwi haujaisha. La tatu ni kuacha ile mitambo ya kukaza sauti ku mstari mkuu. Enjenyere wa pili hawezi kuiondoa tena, sawa na mtu kuondoa sukari mu chai. Na mwendo wa wimbo uandikwe mu jina la fishie, kwa mfano «02_besi_96bpm». Jina «final final 3» halimsaidii mtu.

Uzito ni jambo kubwa kwetu, juu ya bei ya megabaiti. WAV ya stereo ya biti 24 na 44,100 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 16 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye mistari 20 unapita gigabaiti 1. Kutuma vile ku telefone ni kutupa feza. Besi na ngoma kubwa ya chini zinaweza kutolewa mono, na uzito unapungua nusu. FLAC nayo inapunguza uzito bila kupoteza kitu cha sauti, tofauti na MP3, na FL Studio inajua kuitoa.

Pamoja na WAV, inafaa kutoa MIDI. Hii ni lugha ya mwaka wa 1983, inabeba noti tu, bila sauti, na fishie yake ni nyepesi kupita picha ya WhatsApp. Umuhimu wake ni huu: WAV haibadiliki kirahisi, lakini mwenye MIDI anaweza kuweka piano nyingine, kusahihisha noti moja, ao kuomba mpiga gitaa acheze sehemu ile ile. Mu FL Studio kuko amri ya kutayarisha kazi kwa MIDI, lakini iko na mtego: inaondoa vyombo na kuweka mahali pao vitoa-MIDI. Kazi ihifadhiwe kwanza kwa jina lingine, la sivyo mtu anapoteza biti yake mwenyewe akijaribu kuiokoa. Live ya kawaida inatoa MIDI kipande kwa kipande, si wimbo wote mara moja, kwa hiyo inaomba uvumilivu.

Kuko pia kichekesho cha majina ya noti. Noti namba 60, ile do ya katikati ya piano, FL Studio inaiita C5, Reaper inaiita C4, Logic na Live zinaiita C3. Watu wawili wanaongea ku telefone, mmoja anasema «weka ngoma ku C3», mwingine anaiweka oktava mbili juu, na wanagombana bure. Afazali kutaja namba. Ngoma kubwa ku mpangilio wa kawaida wa MIDI ni 36.

Toka 2023 kuko jaribio la fishie moja ya pamoja, DAWproject, iliyoletwa na Bitwig na PreSonus. Inabeba mistari, noti na mipango ya plagini toka programu moja kwenda ingine. Ni hatua nzuri, lakini haibebi plagini yenyewe, na FL Studio, Live na Logic si kati ya zile zilizoianzisha. Kwa studio zetu, WAV na MIDI bado njo pasipoti.

Jambo hili si la wataalamu wa mbali. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama. Watu waliondoka na kile mikono iliweza kubeba. Ordinateri ya mezani haibebeki ku kichwa pamoja na mtoto na godoro. Mwenye WAV na MIDI zake ku disiki ndogo, yeye anaweza kuendelea na kazi ku mashine yoyote ya Sake, Bukavu ao Gisenyi. Mwenye .flp peke yake anabeba ile karatasi ya mpishi.

Chombo cha nyumbani

Kuko sauti ambazo programu hizi zote hazina vizuri. Likembe ni mfano. Mara nyingi likembe halikupangwa sawa na piano, na anayelitafuta ndani ya vyombo vya kampuni atapata kitu kinachofanana kwa mbali, kilichonyooshwa kufuata noti za piano. Njia ni kurekodi kila ulimi wa likembe la kweli, mara chache kwa nguvu tofauti, mu chumba kimya, kiisha kuziweka sauti hizo mu chombo cha sampuli. Kila programu iko na chake: DirectWave mu FL Studio, Simpler mu Live, Sampler mu Logic, ReaSamplOmatic5000 mu Reaper. Sampuli zenyewe ni WAV, kwa hiyo zinaingia kote, na mpango wa likembe lile unabaki vile mwenye kulitengeneza alivyotaka. Hakuna kampuni itakayokuja kulifunga.

Kwa vyombo vya kampuni, hali ni nyingine. Leseni nyingi zinaruhusu kutumia sauti ndani ya wimbo na kuuza wimbo huo, lakini zinakataza kuchota sauti moja moja na kuziuza kama mkusanyo. Anayetaka kuuza sampuli atumie alizorekodi mwenyewe.

Na kopi za wizi, zile zinazopita toka kle hadi kle, zinaongeza shida ya kuhama. Ya mmoja ni toleo la zamani, ya mwingine imepunguzwa vyombo, na kazi ile ile inalia tofauti ku mashine mbili. FL Studio ya majaribio ni ya bure na inatoa WAV, lakini fishie iliyohifadhiwa haifunguki tena mpaka programu ilipiwe, kwa hiyo WAV zitolewe kabla ya kufunga. Reaper inajaribiwa siku 60, na leseni yake kwa mtu wa mapato madogo ni dola 60. Mwenye kuungana na wenzake anaweza pia kukubaliana nao juu ya vyombo vya bure kama Vital na Surge XT, vinavyopatikana kwa Windows, Mac na Linux. Wote waweke toleo moja, na chombo kile kitalia kwa kila mmoja na sauti ile ile, hata kama mmoja anatumia Live na mwingine Cubase.