Krenki ya Pikipiki Kuukuu na Mizani Yake

Krenki ni mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni, wa kwenda na kurudi, kuwa mzunguko. Gereji za Katanga, zinazosema Kifaransa cha kazi, huiita vilebrekini. Katika injini nyingi za zamani zenye silinda moja, krenki si chuma kimoja: ni magurudumu mawili mazito yaliyoshikanishwa na pini, na juu ya pini hiyo konrodi, fimbo ya pistoni, huzunguka kwa beringi ya roli. Kwa kuwa imeundwa kwa vipande, huweza kufunguliwa na kuundwa upya. Kwa sababu hiyohiyo huweza kwenda upande bila jicho kuona.

Katanga ilitawaliwa na Ubelgiji hadi 1960, na pikipiki mashuhuri za Ubelgiji, FN na Saroléa, zilitengenezwa Herstal, mji wa mafundi wa bunduki. FN ilitoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1901. Vipuri vyake havipo tena dukani, hivyo pini mara nyingi hukerezwa upya. Likasi, mji wa migodi ulioitwa Jadotville enzi za ukoloni, si mgeni wa mashine za kukerezea: Union Minière, na baadaye Gécamines, zisingechimba shaba bila karakana.

Uchakavu hupimwa kwa mkono. Pistoni ikiwa juu kabisa, fundi huvuta konrodi juu na kuisukuma chini; ikicheza hata kidogo, beringi imekwisha. Kuyumba kidogo kwa upande ni kawaida, na wengi wamefungua injini nzima kwa kulichanganya hilo na uchakavu. Pini ya zamani husukumwa nje kwa presi, au hufunguliwa nati zake ikiwa ni ya aina ya koni. Ile ya kukandamiza lazima izidi tundu lake kwa sehemu chache za mia za milimita, na uso wake uwe umefanywa mgumu kwa moto. Chuma cha kawaida cha nondo hakitadumu.

Baada ya kukandamizwa, krenki huwekwa kati ya ncha mbili za mashine ya kukerezea na kuzungushwa polepole, sindano ya geji ikisoma sehemu za mia za milimita. Hapo Kamatanda, kitongoji cha Likasi chenye mgodi wa shaba, ina lake la kuchangia: nyundo. Nyundo ya shaba husogeza gurudumu bila kulijeruhi, kwa sababu inabonyea yenyewe. Ndiyo shaba ile wahenga wa Katanga waliyoimimina kuwa misalaba ya biashara. Magurudumu yakiwa yamepishana, hupigwa ukingoni, robo duara kutoka kwenye pini. Yakiwa yameachana upande ulio mbali na pini, hubanwa kwa jiliwa; yakikaribiana mno, hutanuliwa kwa kabari. Sindano ikicheza ndani ya sehemu tatu za mia za milimita, fundi hupumua.

Kunyoosha ni jambo moja, mizani ni jingine. Uzito wa kwenda na kurudi ni pistoni, ringi, pini yake na kichwa kidogo cha konrodi. Tuseme jumla ni gramu 600 na pistoni husafiri milimita 80: kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, nguvu ya kutikisa hupita ile ya kilo 400. Uzito wa magurudumu hauwezi kuifuta yote. Ukisawazisha asilimia 100, mtikisiko wa juu na chini unageuka wa mbele na nyuma. Kwa hiyo injini ya silinda moja husawazishwa nusu na zaidi kidogo, kwa kawaida asilimia 50 hadi 65, na fremu ndiyo huamua: asilimia iliyotulia katika fremu moja inaweza kutia ganzi mikono ya mwendeshaji katika nyingine.

Kwa asilimia 60, gramu 360 zinatakiwa. Kichwa kidogo cha konrodi kikiwa na gramu 180, kinatundikiwa gramu 180 nyingine, kisha krenki hulazwa juu ya reli mbili zilizo sawa kabisa. Upande unaoshuka ndio mzito. Ukiwa ni wa pini, magurudumu yote mawili hutobolewa karibu na pini, kwa kiasi kilekile. Ukiwa ni wa pili, hutobolewa mkabala. Kidogo kidogo, maana chuma kilichotoka hakirudi. Krenki ikikaa popote inapoachwa, keekee huzimwa.