Kionyeshi: Neno Moja, Kazi Mbili

Mama mwenye genge Ilomba, jijini Mbeya, ameshika parachichi. Mteja akisema "nipe hilo", atapewa lililo mkononi mwa mama. Akisema "nipe lile", mama atageukia fungu la nyuma. Hakuna aliyenyoosha kidole, na wameelewana. Kwa Kiingereza, hilo na lile yote mawili huwa that.

Maneno haya ndiyo vionyeshi. Kiingereza kinavyo vinne: this na that kwa umoja, these na those kwa wingi. Zamani kilikuwa pia na yon, cha kitu kilicho mbali zaidi. Enzi za Shakespeare kilikuwa bado hai, na leo kinasikika katika lahaja za Uskoti na kaskazini mwa Uingereza.

Vitabu vyetu vya shule huviita vivumishi vya kuonyesha katika sura moja, na viwakilishi vya kuonyesha katika sura nyingine. Kenya wanasema viashiria. Mimi napendelea kionyeshi, kwa kuwa kinataja neno lenyewe kabla ya kazi yake. Mwanafunzi akikuta this katika sura mbili hudhani ni maneno mawili, kumbe ni lile lile. Likiandamana na nomino, this basket, ni kivumishi. Likisimama peke yake ni kiwakilishi. Nasi husema "nipe kikapu kile", halafu "nipe kile".

Kwa watu, hata hivyo, njia zinaachana. "Huyu amefika" ni Kiswahili safi, lakini Kiingereza hakikubali this isimame peke yake hapo. Sharti iwe this man, au he. Kinairuhusu wakati wa kutambulishana: This is my mother.

Kosa linalozaa makosa mengi ni la ngeli. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba akifika kidato cha kwanza, "maji haya" huyaandika these water. Hakukisia ovyo: haya ni upatanisho wa wingi, kama katika "maparachichi haya". Lakini kionyeshi cha Kiswahili hufuata ngeli, na cha Kiingereza hufuata hesabu tu. Maji, maziwa na mafuta hayahesabiki, basi ni this water, this milk, this oil. Kwa fundi cherehani mambo yanageuka: "suruali hii" ni these trousers, na "mkasi huu" ni these scissors, ingawa mezani pana mkasi mmoja tu. Nayo news, pamoja na s yake ya mwisho, ni this news.

Mwalimu aangalie pia hiyo na hilo. Kwa kuanza na h kama hii na hili, huandikwa this hata kitu kikiwa mkononi mwa msikilizaji, ambako Kiingereza kinataka that. Likirejelea jambo lililokwisha kutajwa, "hilo" laweza kuwa this au that. Jambo linalokuja, kama katika "sikiliza hili", ni this pekee.