Parokia ya Rulenge na Fundisho Lake kwa Wanaushirika



Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu mtasoma habari nyingi za kahawa, za mizani na za hesabu. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za parokia. Huenda mtu akauliza, parokia na ushirika vina udugu gani? Twajibu kwamba watu ni wale wale. Aliyepeleka kahawa yake mizanini Jumamosi ndiye aliyeketi na jirani zake kigangoni Jumapili. Kwa hiyo yaliyoipata parokia yaweza kutufundisha sisi wa ushirika.

Imani Katoliki iliingia magharibi ya Ziwa Viktoria kwa kazi ya Mapadre Weupe, ambao mwaka 1892 walianzisha misioni ya Kashozi, karibu na Bukoba. Kutoka pande hizo kazi ilienea polepole hata kufika vilima vya Wahangaza na Washubi. Mapadre walikuwa wachache na njia zilikuwa ndefu. Basi sehemu kubwa ya mzigo waliichukua makatekista, wenyeji wa nchi hii hii, waliokwenda kwa miguu kilima hata kilima wakifundisha sala na kusoma. Mwaka 1929 iliundwa Vikarieti ya Bukoba chini ya Askofu Burchard Huwiler, na mwaka 1953 vikarieti hiyo ikafanywa kuwa jimbo kamili.

Siku hizo Rulenge ilikuwa mahali padogo katika wilaya ya Ngara, mbali na ziwa na mbali na bandari. Walakini mwaka 1960 ulileta mageuzi makubwa. Mwezi wa Machi Askofu Laurean Rugambwa wa Rutabo alifanywa Kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kupata cheo hicho. Mwezi wa Juni jimbo lake likapewa jina la Bukoba, na lile lililokuwa jimbo la Bukoba likaitwa Rulenge, chini ya Askofu Alfred Lanctôt. Ndivyo parokia ya mji mdogo ilivyokuwa kiti cha jimbo lililoenea Ngara, Biharamulo na Karagwe.

Mwaka 1969 Askofu Christopher Mwoleka, mzaliwa wa Karagwe, alishika mahali pa Askofu Lanctôt. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha. Wengi walilisifu Azimio kwa maneno, lakini Askofu huyu alikwenda kuishi na wanakijiji wa kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akalima pamoja nao. Alifundisha kwamba fumbo la Utatu Mtakatifu ni mfano wa kuigwa, maana linatuonyesha kuishi pamoja na kugawana yote. Tena alihimiza sana Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani nyumba chache za jirani kukutana, kusali na kusaidiana. Katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki waliifanya njia hiyo kuwa kazi ya kwanza ya Kanisa katika nchi zao.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Miaka ile ile ambayo jumuiya hizo zilikuwa zikiota mizizi, kuhamia vijijini kulikwisha kuwa amri. Mwezi wa Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na watu wengi wakahamishwa kwa nguvu. Ushirika nao haukusalimika. Wazee wetu wa Bugufi walikuwa na chama chao cha kahawa tangu miaka ya 1930. Lakini mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika katika Tanzania Bara, na kazi zao zikapewa vijiji na mashirika ya mazao. Ilipasa kungoja sheria ya mwaka 1982 ndipo vyama vikuu virudi.

Kwa nini jumuiya za parokia zilidumu, na vyama vikavunjika kwa neno moja kutoka juu? Sisi twaona kwamba jumuiya ilisimama juu ya watu waliojuana kwa majina na waliokuja kwa hiari. Lakini katika vyama vingi mwanachama alikuwa amekwisha kuwa mgeni katika mali yake mwenyewe: hakujua hesabu, wala hakumjua mwenye kuishika. Chama kilipoondolewa, wengi hawakuona kwamba wamenyang'anywa kitu chao.

Kisha ukaja mtihani wa mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Miongoni mwao walikuwamo wasio na hatia, na walikuwamo pia waliomwaga damu. Benaco ikawa mji mkubwa wa mahema, misitu ikakatwa kwa kuni, na mashamba ya wenyeji yakaharibika. Katika shida hiyo Shirika la Wayesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara mwaka 1995, na jina hilo maana yake ni tumaini. Wanyarwanda wengi walirudi kwao Desemba 1996. Mwaka huo huo Askofu Mwoleka alistaafu, na Askofu Severine Niwemugizi akateuliwa. Mwaka 2008 Karagwe ilipata jimbo lake la Kayanga, na jimbo letu likaitwa Rulenge-Ngara.

Ndugu zetu, Chama chetu kina miaka kumi tu. Vile vilivyovunjwa mwaka 1976, vingine vilikuwa na umri mara nne ya huo. Umri, basi, si ngome. Ngome ni mwanachama anayeifahamu stakabadhi yake, anayehudhuria mkutano wa chama chake cha msingi, na anayethubutu kuuliza. Na kiongozi akumbuke kwamba kulikuwa na askofu aliyeshika jembe kati ya watu wake. Tukiyashika hayo, watakaoandika habari za miaka hamsini watakuwa na jambo jema la kuandika.